Wadudu hawazoei dawa, na kiwavi mweusi sio mbegu mpya

Kamwene Mhariri,

Pole na kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi huku Mafinga, nafundisha bayolojia sekondari na pembeni nina mizinga yangu kwenye milingoti ya mzee mmoja kijijini. Ukurasa wenu wa kilimo wa wiki iliyopita umeninyima raha. Juu kulikuwa na habari ya wakulima wa nyanya wanaolia kwamba kantangaze, yule nondo ambaye funza wake wanaharibu nyanya, amezoea dawa, chini yake msomaji mwenzangu kaandika kwamba viwavijeshi weusi waliovamia mahindi ni mbegu mpya imeletwa kutoka nje, maana yeye shambani kwake miaka yote anaona wa kijani tu. Habari mbili ukurasa mmoja na zote zimekosea, ila zimekosea kwa namna inayopishana kabisa: huyu wa nyanya anasema mdudu kabadilika mwenyewe wakati kilichobadilika ni ukoo, na huyu wa mahindi anasema ukoo umebadilika wakati kilichobadilika ni mdudu mwenyewe. Kijiweni tumebishana hilo mpaka ulanzi ukaisha, nikaona bora niandike.

Nianze na kiwavi. Kiwavijeshi wetu wa siku zote (sio yule vamizi aliyeingia nchini 2017, huyu wa Afrika mwenyewe) ana sura mbili. Wakiwa wachache, kila mtu na shina lake, anakuwa wa kijani au wa kahawia hivi, mpole, anajificha chini karibu na udongo, unaweza ukapita shamba zima usimwone. Wakiwa wengi wamebanana anakuwa mweusi tii mgongoni na mistari ya njano pembeni, hajifichi tena, anakula juu ya jani mchana kweupe na hatulii hata kidogo. Mama yao mmoja. Mayai ya nondo mmoja ukiyagawa, nusu ukawalea mmoja mmoja na nusu ukawarundika pamoja, utapata kijani huku na weusi kule, na hakuna mtu aliyeleta mbegu kutoka popote. Kwahiyo huyo msomaji anayeona wa kijani miaka yote, amekuwa akiwaona haohao, ni kwamba tu walikuwa wachache.

Hili sio la kuniamini mimi. Viwavi waliposhuka kwenye nyasi za uwanja wetu wa mpira niliwaambia vijana wa form three waokote wale wadogo kabisa ambao bado wana rangi ya kupauka, wengine tukawaweka mmoja mmoja kwenye chupa za maji zilizokatwa shingo na kufungwa kipande cha chandarua kilichochakaa, wengine tukawajaza kwenye ndoo moja, na wote tukawapa majani mabichi ya mahindi ya kutosha ili mtu asije akasema ni njaa. Kiwavi anakua kwa kuvua ngozi, na rangi inakuja na ngozi mpya. Wa kwenye ndoo kila wakivua wanatoka na weusi zaidi, kwanza kichwani halafu mgongo mzima, wa kwenye chupa wanabaki na ukijani wao. Darasa zima lilikuwa linakimbilia dirishani asubuhi kabla ya paredi. Halafu binti mmoja ambaye kawaida hata mkono hanyooshi akauliza, mwalimu, huyu wa chupani nikimgusagusa na unyoya kila saa si atadhani yupo na wenzake?

Swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa kwenye hiyo topiki, na limeshajibiwa kwa nzige. Zamani watu walidhani nzige anayekaa peke yake na nzige wa kundi ni aina mbili tofauti kabisa, wana majina mawili ya kisayansi, mpaka Boris Uvarov, Mrusi aliyekuwa anafanya kazi London, akaonyesha 1921 kwamba ni mdudu mmoja. Baadae sana watafiti wa Oxford wakamchukua nzige wa jangwani aliyelelewa peke yake wakamsugua paja la nyuma kwa brashi ndogo, sekunde tano kila dakika kwa saa nne, na akaanza tabia za kundi, badala ya kuwakimbia wenzake anawafuata. Hiyo ni 2001. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba kinachopanda mwilini mwake ni serotonini, kemikali hiyohiyo iliyopo kwenye ubongo wangu na wako Mhariri. Sisi wa nyanda za juu kusini tusione kama hadithi ya Waarabu, bonde la Rukwa hapo jirani ni moja ya sehemu anapoanzia nzige mwekundu, na balaa lake la 1930 mpaka 1944 lilisambaa karibu Afrika yote ya kusini mwa ikweta. Ndio maana kuna shirika zima la nchi zetu lenye makao yake Ndola, Zambia, kazi yake ni kuchungulia mabonde kama hilo kabla nzige hawajabanana.

Watu wananiuliza sasa huyo kiwavi weusi unamsaidia nini. Mkibanana magonjwa yanaruka haraka, na viwavi wana virusi vyao vinavyowaua kwa maelfu. Rangi ile nyeusi ni melanini, na melanini hiyohiyo ndiyo mwili wa mdudu unaitumia kuziba kidonda na kuvizingira vimelea vilivyoingia. Viwavi weusi walipojaribiwa na virusi walivimudu kuliko wa kijani. Na kwanini wasizaliwe weusi wote tumalize? Kwasababu kinga inakula chakula, mdudu aliye peke yake akijigharamia kinga ya msongamano ambao haupo atakuwa anapoteza kitu ambacho kingeenda kwenye mwili na mayai. Kwahiyo jeni zake, yale maelekezo anayorithi kwa wazazi, zimebeba njia zote mbili, na hali anayokutana nayo utotoni ndiyo inachagua ipi itumike.

Kwenye nyuki ndo inatisha zaidi. Malkia na kibarua wanatoka kwenye mayai ya aina moja, hakuna yai la kimalkia. Majana (watoto wa nyuki wanaotoka kwenye yai) yote yanaanza kwa kulishwa maziwa ya nyuki siku tatu hivi za mwanzo, baada ya hapo majana ya vibarua yanahamishiwa kwenye chakula chenye asali na chavua, jana la malkia linaendelea kuogelea kwenye maziwa mpaka mwisho. Wa kwanza kutoka ni malkia, siku ya 16, kibarua anatoka siku ya 21. Mmoja anaishi miaka na kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku msimu ukichanganya, mwingine kwenye pilikapilika za msimu anamaliza maisha yake ndani ya wiki sita hivi na mayai hana. Wafugaji wenzangu mnalijua hili kwa macho: malkia akifa ghafla, vibarua wanachagua jana changa kwenye sega, wanalijengea chumba kirefu kinachoning'inia kama ganda la karanga, wanalimiminia maziwa, na mzinga unapata malkia mwingine kutoka kwenye jana ambalo lilikuwa liwe kibarua wa kufagia. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikwenda mbali zaidi, wakazima jeni moja tu kwenye majana, ile inayosaidia kubandika alama za kikemikali juu ya DNA, na wengi wakatoka na mwili wa malkia. DNA yenyewe haikuandikwa upya hata herufi moja, ni usomaji wake ndio uliobadilika.

Ila hapa lazima niwe mwangalifu maana kuna watu wakisikia hivyo wanakimbilia kusema basi damu haina maana, yote ni malezi. Hapana jamani. Nyuki wetu hawa wakali walipelekwa Brazil 1956, mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, yakazaana na kusambaa mpaka 1990 yakafika Texas, na ukali wao ukaenda nao kila mahali, mazingira mapya hayakuwatuliza. Hiyo ni damu. Halafu 2009 watafiti wa Marekani wakachapisha matokeo ya kuwalea nyuki wachanga wa asili ya Ulaya ndani ya mzinga wa hao wakali, wakatoka wakali kuliko ndugu zao waliolelewa kwao. Hayo ni malezi. Na kwenye kisiwa cha Puerto Rico, nyuki haohao wenye asili ya Afrika waliofika miaka ya 1990 sasa hivi ni wapole, na sio kwamba wanalelewa vizuri, jeni zao zilipochunguzwa 2017 zilionyesha kuchujwa, yaani wenye jeni za upole ndio waliobaki na kuzaana, ukoo wenyewe umebadilika. Mdudu mmoja, tabia moja, na majibu matatu tofauti kutegemea umeuliza wapi. Mtu akikuuliza ukali wa nyuki ni damu au ni malezi, swali lenyewe limekaa upande.

Sasa twende Ilula kwenye nyanya, maana huko ndiko hela zinakopotea.

Kantangaze hazoei kitu. Nondo mmoja anaishi muda mfupi mno, na funza wake akishapata dozi kamili ama anakufa ama hafi, hana nafasi ya kujifunza akawafundishe wanae. Kinachotokea ni hiki, kwenye shamba lenye maelfu ya hao funza wanaochora njia zao nyeupe ndani ya majani, kuna wachache ambao hata kabla hujanunua dawa, hata kabla dawa hiyo haijatengenezwa, wana jeni iliyokosewa kidogo, ama mwili wao unaivunjavunja sumu haraka, ama pale sumu inapotakiwa kunasa pamebadilika umbo haipati pa kushika. Siku zote wewe usipopuliza hao wachache hawana faida yoyote, pengine hata wana hasara kidogo. Ukipuliza, wenzao wote wanaondoka, shamba linabaki la kwao, wanaoana wao kwa wao. Ndani ya mwezi mmoja hivi, kukiwa na joto, kizazi kingine kiko tayari. Ukirudia dawa ileile unachuja tena, na tena, mpaka unafika msimu unapuliza bomba zima na funza anakutazama tu. Na wewe mwenye kubana matumizi unayeweka nusu ya kipimo, unawaacha hai hata wale wenye kinga nusunusu ambao dozi kamili ingewamaliza, wanazaana, na watoto wengine wanarithi kinga kutoka pande zote mbili.

Sio jambo geni hili. Mmarekani anaitwa A. L. Melander aliliandika 1914, kuhusu wadudu gamba kwenye miti ya matunda ambao dawa ya chokaa na salfa ilikuwa haiwaui tena. Zaidi ya miaka mia moja sasa na sisi bado tunasema mdudu kazoea.

Na kantangaze hakuja mtupu. Kwao ni Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania 2006, kwetu 2014, na kule Ulaya alikutwa tayari ana mabadiliko ya jeni yanayomkinga na dawa za kundi la pairethroidi. Pairethroidi ni nini? Ni dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka kwenye pareto, ua hilihili linalolimwa Umalila na huku kwetu Mufindi. Inashika mlango wa sodiamu kwenye neva za mdudu, kile kitundu kinachopitisha sodiamu ili neva ipeleke ujumbe, unabaki wazi, mdudu anatetemeka na kuanguka. Jeni ya huo mlango ikibadilika hata kidogo sana, sumu inapita hivihivi. Mbu wa malaria nao wamepita njia hiyohiyo maana vyandarua vyetu vilitiwa kundi hilohilo miaka na miaka, ndio sababu sasa kuna vyandarua vyenye PBO, kitu kinachozuia vimeng'enya ambavyo mbu anavitumia kuivunja sumu, na utafiti wake mkubwa ulifanyika hapahapa kwetu, Muleba, Kagera, matokeo yakatoka 2018 yakionyesha vinafanya kazi vizuri kuliko vile vya kawaida.

Hapo mtu ataniambia basi mwalimu ni mambo mawili, kubadilika kwa mdudu mmoja na kubadilika kwa ukoo, tumekuelewa, kaa chini. Bado kidogo. Yanaungana, na hapo ndipo mimi mwenyewe huwa nakosa usingizi kwa raha.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988 walikusanywa vipepeo wa kahawia wa kawaida kabisa wakapelekwa maabara Ulaya. Wa aina hiyo wanaokua kipindi cha mvua wana madoa makubwa kama macho pembeni ya bawa, adui anadonoa bawa anaacha mwili. Wanaokua kuelekea kiangazi wana vidoa vidogo mno, wamekaa kama jani kavu, wanatulia chini mpaka mvua zirudi. Kinachoamua ni joto analopata kiwavi siku zake za mwisho kabla hajawa pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kutoka na mabawa. Mpaka hapo ni hadithi ileile ya kiwavijeshi. Lakini maabara waliwachagua wenye macho makubwa wakawazalisha wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, na wenye macho madogo hivyohivyo, wakapata koo mbili zinazotofautiana hata kwenye joto moja. Yaani ule uwezo wa kuitikia hali ya hewa nao upo kwenye jeni, unarithiwa, na unaweza kuchujwa kama kitu kingine chochote.

Halafu kuna wale jamaa wawili wa chuo kikuu cha Duke, Suzuki na Nijhout, 2006, hawa ndo wamenimaliza. Walikuwa na kiwavi wa tumbaku wa Marekani ambaye kawaida ni wa kijani, ila wao wana ukoo wenye jeni iliyoharibika, wote weusi. Wakawapiga joto la nyuzi 42 kwa saa sita, wengine wakatoka na ukijani kidogo, wengine hawakubadilika. Wakawa wanawazalisha wale walioitikia joto, kizazi baada ya kizazi. Kufika kizazi cha 13 wana ukoo ambao kwenye baridi unazaa weusi na kwenye joto unazaa wa kijani, kitu ambacho ukoo wao haukuwa nacho. Wametengeneza kiwavi wa sura mbili mbele ya macho yao! Zamani zaidi, 1953, Waddington wa Uingereza alishafanya cha kufanana kwa inzi wa matunda: joto kwenye pupa likawa linafuta mshipa mmoja mdogo wa bawa kwa baadhi yao, akawachagua hao tu, na baada ya vizazi kadhaa wakaanza kuzaliwa inzi wasio na huo mshipa hata bila kupigwa joto. Mazingira ndiyo yaliyofunua tofauti zilizokuwa zimejificha kwenye jeni, uchaguzi ukazishika.

Hata ng'ombe, tena hapa nitapita haraka maana sio fani yangu. Mtu anatoa ng'ombe wa Frisian Njombe kwenye ubaridi, anampeleka Usangu, maziwa yanashuka anasema nimeuziwa mbegu feki. Mbegu ni ileile bwana, joto likizidi nyuzi 25 hivi ng'ombe huyo anaanza kuhangaika nalo, anakula kidogo, utakamua nini. Na wa kienyeji wa Usangu ukimpeleka Njombe ukamlisha pumba na mashudu asubuhi na jioni hatakupa lita ishirini, ataishia kunenepa.

Nikirudi kwenye ukurasa wenu, kwanini nimeng'ang'ana hivi. Kwasababu dawa ya tatizo moja sio dawa ya lingine. Kwa kiwavijeshi ukishamwona mweusi maana yake tayari wamebanana umechelewa, anayetakiwa kutafutwa ni yule mdogo aliyepauka, siku chache tu baada ya mvua za kwanza, kwenye nyasi za pembeni ya shamba kabla hata hujaangalia mahindi, na akishakuwa mkubwa anakaribia kuingia ardhini kuwa pupa, kumpuliza wakati huo ni kutupa hela. Kwa kantangaze haisaidii kuongeza makali wala kuchanganya chupa tatu kwenye bomba moja kama ninavyoona watu wanafanya, inasaidia kubadilisha kundi la dawa, yaani kutumia inayoua kwa njia nyingine, kila baada ya kizazi, kuondoa masalia ya nyanya shambani, na kuacha kupuliza pale ambapo funza hawajafika kiwango cha kuumiza.

Na kubadilisha kundi sio kubadilisha jina la chupa. Mkulima anatoka dukani na chupa nyekundu, mwezi ujao ya bluu, mwezi ujao yenye picha ya simba, anaamini amebadilisha dawa mara tatu, kumbe ukisoma yale maandishi madogo kiambata, ile sumu yenyewe inayoua, ni kilekile. Chupa nyingi zina namba ya kundi: pairethroidi ni kundi la 3, abamektini la 6, na kadhalika. Namba zikifanana, umepuliza dawa moja.

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Mkitaja dawa kwenye ukurasa wa kilimo, andikeni na jina la kiambata na namba ya kundi pembeni yake, na mkipokea barua ya mtu anayesema mbegu mpya imeingia, mumwulize kwanza walikuwa wangapi kwenye shina. Mkiweza mtoe jedwali zima la makundi kwenye toleo moja, robo ukurasa inatosha. Mwenye duka la pembejeo karibu na stendi hapa nimeshaongea nae, amesema mkilichapisha analikata analibandika ukutani juu ya kaunta, ila amesema herufi ziwe kubwa maana wateja wake wengi ni watu wazima.

Wenu,
Mwalimu na mfugaji nyuki,
Mafinga, Iringa